Ukishamjua muuaji, hadithi imekwisha?

Fundi wa Kihonda (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa kichwani wiki nzima, hata cherehani nakanyaga huku mawazo yako kwingine.

Mimi ni fundi nguo hapa Morogoro. Mchana nashona, usiku watoto wakishalala naandika. Huu ni mwaka wa pili naandika hadithi za upelelezi kwenye simu, na kila Ijumaa natuma sehemu moja kwenye kundi letu la WhatsApp. Tuko wasomaji kama 40. Hakuna anayelipa wala sijawahi kudai. Mtu akiniandikia "fundi, jana nimechelewa kulala kwa ajili yako", nafsi inashiba.

Hadithi ya sasa ni ya mlinzi wa mashine ya kusaga aliyekutwa amekufa alfajiri, nyuma ya magunia ya pumba. Nilipanga sehemu 14, muuaji ajulikane ya 13. Ijumaa iliyopita nikatuma sehemu ya 6. Hazijapita dakika ishirini, dada mmoja mtulivu ambaye huwa anasoma tu bila kuchangia akaandika: "Ni mwenye mashine. Anasema usiku ule alikuwa anasaga, na kwenye sehemu ya pili umeandika umeme ulikatika tangu magharibi."

Kundi likawaka moto. Wengine wakamshukia kwamba ametoboa siri. Wawili wakasema basi tena, hawana sababu ya kuendelea.

Na amepatia. Ni mwenye mashine.

Usiku ule nikakaa kubadilisha muuaji. Nikamchukua binamu wa marehemu, nikajaribu kumvalisha yale makosa. Hayakumkaa. Sehemu ya tatu nilishaandika pumba zilizonasa kwenye mikunjo ya suruali ya mwenye mashine, mtu ambaye watu wote wanajua hagusi gunia kwa mkono wake. Sehemu ya tano nilishamfanya amlipie mjane sanda kabla hajaombwa. Nikifuta hayo nawadanganya walionisoma kwa makini. Yule dada ningemwadhibu kwa kosa la kusoma vizuri. Saa saba usiku nikaizima simu.

Usiku wa pili sikuandika kabisa. Shemeji alinipa flashi yenye vipindi vya zamani vya Columbo, nikachomeka kwenye runinga nikapunguza sauti. Kwa wasiomjua, Columbo ni luteni wa polisi wa Los Angeles, koti la mvua limekunjamana, sigara nene mkononi, anauliza vijiswali visivyo na kichwa wala miguu mpaka tajiri anachoka naye. Anafika mlangoni kuondoka, halafu anageuka: kuna kitu kimoja nimesahau kukuuliza. Peter Falk ndiye aliyemuigiza, na mfululizo ulianza rasmi mwaka 1971.

Karibu kila kipindi kinaanza na mauaji yenyewe. Unamwona muuaji, unamwona anavyopanga, sababu yake unaijua. Columbo anaingia baadaye. Hakuna mtu anayekaa pale kuuliza nani kaua.

Kipindi cha kwanza cha mfululizo ule kiliongozwa na kijana wa miaka 24 aliyeitwa Steven Spielberg. Kinahusu waandishi wawili wa riwaya za upelelezi ambao majina yao hukaa pamoja kwenye jalada. Mmoja ndiye anayeandika, mwenzake kazi yake ni kuongea na magazeti na kula vizuri. Anayeandika anataka kujitenga, asiyeandika anamuua. Kisha Columbo anakuta kwenye karatasi za marehemu wazo la hadithi, na wazo lenyewe ni mauaji yaleyale hatua kwa hatua. Muuaji alilitamka miaka mingi nyuma, mwenzake akaliandika akaliweka. Na muuaji anakiri kwamba hilo ndilo wazo pekee zuri alilowahi kuwa nalo.

Jamani, hapo nilisimamisha. Muuaji nimemjua tangu mwanzo, na bado lile jambo lilinipata mahali. Mtu kaishi kwa jasho la mwenzake miaka yote, na kitu kimoja alichotunga mwenyewe ni kifo cha yule aliyekuwa akimtungia.

Sasa nauliza, hasa wanaoandika na wanaosoma sana: ukishamjua muuaji, hadithi imekwisha? Maoni yangu ni kwamba haijaisha, na kama imekwisha basi ilikuwa na mwisho tu, haikuwa na kitu kingine. Ila wasomaji wawili nimewapoteza kweli, kwa hiyo sitaki kujidanganya. Karibuni.

Kijana wa Kibanda

Mkuu fundi, umenikumbusha kibanda umiza cha mtaani kwetu, kile cha kuoneshea video. Bati juu, gunia dirishani, mabenchi ya mbao, tunaingia kwa shilingi mia. Mikanda ya Kichina na ya Kihindi, imetafsiriwa na Lufufu. Ambaye hajamsikia Lufufu amekosa. Yule bwana alikuwa anaweka sauti yake juu ya picha nzima, anasema maneno ya stelingi, ya adui, ya mama anayelia, halafu katikati anakuambia mwenyewe: huyu unayemwona anacheka hapa, baadaye atalia.

Anakuambia kabisa! Na hakuna aliyenyanyuka. Tena ndiyo tulizidi kukaza macho, kwa sababu sasa kila kicheko cha yule jamaa tunakipima.

Na kuna jambo jingine. Stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Hilo mtoto wa darasa la pili alilijua kabla hajalipa mia yake. Ni kama mpelelezi Willy Gamba kwenye riwaya za Elvis Musiba. Mimi riwaya ya Kufa na Kupona nimesoma nakala iliyokwisha jalada, nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar, Willy anatumwa Nairobi kuzifuata. Kuna ukurasa hata mmoja niliodhani Willy atakufa? Hakuna. Na nilisoma kwa taa ya kibatari mpaka macho yakauma. Hofu yangu ilikuwa atatokaje, maana mwandishi alikuwa anambana kwenye kona ambayo mimi nisingetoka.

Mwalimu wa Zamu

Dada fundi, mimi nitakwenda kinyume chako, kwa nia njema.

Kuna raha moja ambayo mtu huipata mara moja tu kwa kila hadithi, ile ya kutojua. Ukiipoteza hairudi. Waliotoa picha ya Psycho mwaka 1960 walilijua hilo. Mwongozaji wake, Alfred Hitchcock, alitaka mtu yeyote asiingizwe ukumbini picha ikishaanza, kwa sababu mwigizaji wake mkubwa anauawa mapema, na anayechelewa angekaa anamsubiri mtu aliyekwisha kufa. London kuna tamthilia ya jukwaani ya Agatha Christie, The Mousetrap, inaoneshwa tangu 1952, na kila usiku ikimalizika watazamaji huombwa wakatunze siri ya muuaji. Miaka yote hiyo watu wanaombwa wanyamaze, na wengi wananyamaza. Ni heshima kwa atakayekuja kesho.

Kwa haki niseme pia yaliyo upande wako. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliwapa watu hadithi fupi 12, wengine wakaambiwa mwisho kabla ya kusoma. Walioambiwa kwa jumla walizipenda zaidi, hata zile za upelelezi. Lakini mwaka 2015 watafiti wengine walipima jambo hilohilo wakapata kinyume, kwamba kuambiwa mapema kunapunguza raha kidogo. Kwa hiyo wasomi nao hawajaelewana, na wale wawili waliokuacha usiwaone wavivu. Umewanyang'anya kitu walichokuja kukitafuta.

Fundi wa Kihonda

Mwalimu, ahsante, na nimekuelewa. Kwa anayekuja mara ya kwanza siri atunziwe, hapo sina ubishi. Mimi mwenyewe nikiazima kitabu huwa nafunika kurasa za mwisho kwa mkono, macho yasije yakateleza.

Lakini umemtaja Hitchcock, na huyohuyo ndiye aliyetoa mfano ninaoupenda. Watu wamekaa mezani wanazungumza, chini ya meza kuna bomu. Kama watazamaji hawajui, bomu linalipuka, wanashtuka kwa sekunde 15. Wakijua kuna bomu na saa inakwenda, mazungumzo yaleyale ya kawaida yanawapa dakika 15 za jasho. Wanataka kupiga kelele kwamba acheni kuongea upuuzi, tazameni chini!

Mimi nilikuwa nawawekea wasomaji wangu sekunde 15 kwenye sehemu ya 13. Yule dada amewaonesha bomu kwenye sehemu ya 6.

Babu Kiko

Wanangu, nimewasoma nikaona niingie. Niko Unguja, nimestaafu, kazi yangu sasa ni kusoma upya vitabu vilivyonilea.

Mnazungumza upelelezi bila kumtaja Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla? Mwandishi huyo alishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kikatoka 1960. Kabla yake riwaya ya upelelezi ya Kiswahili ya namna ile hatukuwa nayo. Wahakiki humlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes kwa sababu ya kiko na kwa sababu ya rafiki anayemfuata. Mimi huwa nawaambia wajukuu, msikilizeni anavyozungumza. Yule ni mtu wa hapa. Anakaa, anavuta kiko chake, anamwachia mwenzake Najum akurupuke na dhana, naye anasikiliza.

Kitabu kile nimekisoma, sijui, mara kumi? Muuaji namjua kama ninavyomjua jirani yangu. Nasoma kwa ajili ya Kiswahili chake na kwa ajili ya lile jambo la mzimu. Watu wote wanaogopa mahali pale, wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio ulioua, na Bwana Msa peke yake anatazama kama anayetazama shamba la mtu. Mara ya kwanza nilikimbilia mwisho kama kila kijana. Mara ya tatu ndipo nilipoanza kuona mwandishi ameweka nini wapi. Kila kitu kilikuwa mezani tangu mwanzo, mimi ndiye niliyepita haraka.

Kwa hiyo, mwanangu fundi, huyo binti wa sehemu ya sita amekusoma mara ya kwanza kama mimi nilivyosoma mara ya tatu. Mshukuru.

Fundi wa Kihonda

Shikamoo babu. Nimesoma maneno yako mara mbili, na nimemwandikia yule dada pembeni kumshukuru. Amenijibu kwamba alitaka kujitoa kundini kwa jinsi alivyoshambuliwa. Nimemwomba abaki.

Mkono wa Bandari

Hamjambo huko. Mimi ni mtu wa Mombasa, mamangu ametoka Lamu, na mada hii imenigusa kwa sababu ya Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu.

Kwetu hakuna mtoto asiyejua Fumo Liyongo aliuawa vipi. Utaambiwa kabla hujaweza kufunga viatu: sindano ya shaba, kitovuni, na aliyemdunga ni mwanawe. Muhammad Kijumwa aliutunga utenzi wake mwaka 1913 kwa watu ambao walikuwa wanayajua yote hayo tayari. Na nyanya akianza kuusoma, nyumba inanyamaza.

Tulikuwa tunasubiri vitu vyetu. Mimi nilisubiri mkate. Liyongo amefungwa, mamake anamtumia kijakazi Saada na chakula, walinzi wanakula vilivyo vizuri, wanamwachia mkate wa wishwa, yaani wa pumba. Ndani ya wishwa kuna tupa. Kisha anaomba ngoma ipigwe, na chini ya ngoma anakata minyororo. Kila mara nyanya alipofika hapo mimi niliogopa ngoma itakoma mapema. Ilikuwa haijawahi kukoma mapema hata mara moja, nami niliogopa tu.

Halafu ile ya mwana. Anamwendea babake anamuuliza, ni kitu gani kinaweza kukuua? Na Liyongo anahisi kijana ametumwa. Anahisi, na anamwambia ukweli. Fundi, hapo hadithi yenyewe inatoboa mwisho wake kwa mdomo wa mwenye kufa! Ukisikia mara ya kwanza unashangaa. Ukisikia mara ya ishirini ndipo unajiuliza kwa nini alimwambia. Mamangu ana jibu lake, mjomba ana lake, na wameshabishana mezani mpaka chai ikapoa.

Na mwisho wake: amedungwa, anachukua uta wake, anakwenda kisimani, anapiga magoti na mshale tayari, anafia hapohapo katika hali ile. Watu hawathubutu kuteka maji, wanadhani yu hai. Mamake ndiye anayeendewa ili akambembeleze. Anakwenda anamsemesha mwanawe kwa maneno mazuri, na mwanawe hajibu. Sisi tunaosikiliza tunajua amekufa. Mama hajui. Kila siku anarudi kumsemesha. Nyanya alikuwa hasomi hapo kwa haraka.

Kama msikilizaji angekuwa hajui, kile kisima kingekuwa na nini?

Mwalimu wa Zamu

Mkono wa Bandari, hapo umenishika. Nitakwenda kuusoma tena.

Msomaji wa Kidato

Nichangie kidogo upande wa filamu. Tulioisoma riwaya ya Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kidato cha tano na sita tulikaririshwa mpaka dhamira zikatutoka puani. Kitabu ni cha 1999. Amil Shivji alipotoa filamu yake, iliyokwenda tamasha la Toronto mwaka 2021, nilikwenda kuitazama nikiwa na maswali ya mtihani kichwani: Denge nani, Yasmin nani, ukoloni uko wapi.

Nilikuwa najua watu wale watapitia nini, kwa hiyo macho yakapata nafasi. Nikatazama kuta za Mji Mkongwe, kivuli cha mtu kwenye kichochoro, namna Yasmin anavyosimama mlangoni kabla hajatoka. Kwenye kitabu nilipita mlango huohuo mara ngapi nikitafuta jibu la swali la sita? Nilitoka pale nikakisoma kitabu upya, safari hii bila kalamu.

Bibi Mtunzi

Mwaya fundi, na mimi naandika, hadithi za mapenzi za kwenye kundi, nina wasomaji wangu wachache waaminifu. Nikuulize la kiufundi. Umeshasema hutabadilisha muuaji. Sasa sehemu sita zilizobaki kabla ya ile ya 13 utazijaza na nini? Maana kama mpelelezi wako ataendelea kuuliza nani kaua na msomaji anajua, msomaji atamwona mpelelezi mjinga. Columbo ana raha kwa sababu naye anajua, au anahisi tangu mapema. Wako anajua?

Fundi wa Kihonda

Dada, umegonga palepale panaponiuma. Wangu hajui. Ni kijana wa polisi kata, mwaminifu, mzito kidogo. Nilihangaika naye siku tatu nikitaka kumfanya awe na akili ghafla, ikawa uongo mwingine.

Jana nikiwa napindisha sketi za shule, nikamfikiria mjane. Katika sehemu sita zote nimemwandika kama mtu wa kulia tu. Analia msibani, analia kituoni, analia kwa mwenye mashine akipewa sanda. Nikajiuliza huyu mama ni nani. Kaishi na mlinzi wa mashine miaka 11. Anajua mashine inavyolia, anajua ikinyamaza. Usiku ule alikuwa nyumbani, hatua mia mbili kutoka pale, umeme umekatika, kimya kabisa. Halafu asubuhi mwenye mashine anasema mbele ya watu kwamba alikuwa anasaga.

Yule mama alijua tangu asubuhi ile! Alijua kabla ya mpelelezi, kabla ya yule dada wa kundini, na, niseme kweli, kabla yangu mimi. Na nyumba anayokaa ni ya mwenye mashine. Watoto watatu. Kila jioni mwenye mashine anapita kuwajulia hali, na yeye lazima amkaribishe chai.

Kwa hiyo sehemu ya 7 nimemwacha polisi akalale. Yote inatokea kwenye kibaraza, jioni moja, watu wawili na birika. Nimeandika kwa saa mbili bila kunyanyua kichwa, kitu ambacho hakijanitokea tangu nianze. Bibi Mtunzi ameniomba kipande, basi nawawekea hiki, Ijumaa yote itatoka:

*Alimimina chai taratibu mpaka ikafika pale anapopenda. Mgeni alikuwa anaongelea bei ya mahindi. Mama akachukua kijiko cha sukari, akatia kimoja, akatia cha pili. Mumewe alikuwa akitia vitatu, mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo mara ya tatu, ukasimama hapo.*

*"Umeme umetulia siku hizi," mgeni alisema.*

*"Umetulia," akajibu, akarudisha kifuniko cha kopo. "Sasa hivi tukilala tunaisikia mashine usiku kucha."*

*Mgeni alikuwa ameshakishika kikombe. Hakukinyanyua.*

Bibi Mtunzi

Fundi!!! Ijumaa saa ngapi?

Fundi wa Kihonda

Saa mbili usiku, dada, watoto wakishalala. Na wale wawili walioondoka nimewatumia kipande hikihiki. Mmoja amerudi. Anataka kujua kama alikinywa.